Siku ya Kwanza Nje ya Geti

Geti dogo linafunguliwa nusu. Mtoto wa mbwa wa wiki tisa anatoa pua kwanza, kisha sikio moja, mara anarudi ndani mbio kama aliyechapwa, na hakuna aliyemgusa. Bodaboda imepita tu. Baada ya dakika moja pua iko tena kwenye upenyo. Safari hii mguu wa mbele unakanyaga kokoto za nje. Ananusa mchanga, anainua kichwa, anamtegea sikio fundi wa kuchomelea aliye kona ya pili, halafu anakaa kitako. Mbele hataki, nyuma hataki. Aliyeshika kamba anavuta kidogo, na mbwa anapiga breki kwa miguu yote minne.

Wafugaji wa mbwa wa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam wameiona picha hii mara nyingi. Kamusi zinamwita mnyama huyu kilebu, ingawa mtaani ni nadra kumsikia mtu akilitamka neno hilo. Huko yeye ni kitoto cha mbwa, au Popi, hata kama mwenyewe hajamchagulia jina. Na kinachofuata pale getini nacho kinajulikana: mvutaji anaishiwa subira, anamnyanyua, anakwenda kumtua katikati ya njia, kwenye honi na vumbi na watoto wanaotoka shule, ili “azoee”.

Anachozoea pale ni kuogopa. Mtu mzima anapofikiria kumtoa mbwa anafikiria mazoezi: miguu inyooke, nguvu zipungue, asitafune viatu. Kwa mtoto wa mbwa mazoezi yanaweza kusubiri, na nyumbani anakimbia vya kutosha. Kazi ya matembezi yake ya kwanza ni kutambulishwa. Anaonyeshwa dunia atakayoishi kwa miaka kumi au zaidi, na anaamua, kwa haraka kuliko tunavyodhani, nani ni wa kawaida humo na nani wa kutiliwa shaka.

Ni haraka kiasi gani? Jibu lenye uzito zaidi lilitoka mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, kwenye maabara ya Jackson. Mwaka 1961 watafiti Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio ambalo leo lingezua maswali kuhusu ustawi wa wanyama. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao kwenye viwanja vilivyozungushiwa uzio mrefu, wakapewa chakula na maji bila kuwaona watu. Kisha wakatolewa kwa makundi, kundi moja likiwa na wiki mbili, jingine tatu, mengine tano, saba na tisa. Kila kundi lilikaa na watu wiki moja, likachezewa na kubebwa, halafu likarudishwa uwanjani. Kundi la mwisho halikuguswa na mtu hadi wiki ya 14.

Wale wa wiki tatu waliwasogelea watu mara moja. Wa wiki tano waliogopa mwanzoni, wakalegea. Wa wiki saba na tisa walihitaji muda zaidi, lakini nao walikuja. Waliofikisha wiki 14 bila mtu walikuwa kama wanyama wa porini. Mmoja wao aliendelea kubembelezwa kwa miezi mitatu baada ya jaribio, na woga wake ulipungua kidogo tu. Miaka minne baadaye John Paul Scott na John Fuller, waliokuwa kwenye maabara hiyohiyo, walitoa kitabu kikubwa kuhusu kurithi na tabia za mbwa, na tangu hapo wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kati ya wiki ya tatu na takriban ya 12 hadi 14 akili ya mbwa ina mlango ulio wazi. Mlango huo haufungwi kwa kishindo. Unarudishwa polepole, na kila siku inayopita unakuwa mzito zaidi kuusukuma.

Sasa hesabu ya pili, ile ya daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza kwenye dang'a, maziwa ya mwanzo ya mama. Kinga hiyo hupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Inapokuwa bado na nguvu, huishambulia chanjo kama inavyoushambulia ugonjwa, na sindano inakuwa kama haikuchomwa. Inapoisha, chanjo inafanya kazi. Tatizo ni kipindi cha katikati, ambapo kinga ya mama imeshakuwa dhaifu mno kumlinda mtoto, lakini bado inatosha kuiharibu chanjo. Hakuna anayeweza kumtazama mbwa kwa macho akajua kipindi hicho kimemfika lini, maana hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa inataka chanjo ianze wiki ya sita hadi ya nane, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi nne, na dozi ya mwisho ya mfululizo huo itolewe mbwa akiwa na wiki 16 au zaidi. Mfugaji anayeambiwa “rudi tena mwezi ujao” hudhani daktari anatafuta hela. Kumbe daktari anajaribu kulenga shabaha asiyoiona.

Weka hesabu hizo mbili pamoja. Mlango wa akili unarudishwa wiki ya 14, na chanjo inakamilika wiki ya 16. Mwenye kutii hesabu ya daktari peke yake atamfungulia mbwa geti wakati mlango wa akili umeshasogea. Mwenye kutii ile ya Bar Harbor peke yake anaweza kumzika.

Kumzika si kukuza mambo. Ugonjwa wa parvo ulijulikana duniani mwaka 1978, ukavuka mabara kwa kasi ya ajabu, na mpaka leo ndio tishio kuu kwa mbwa wadogo wasiochanjwa. Virusi vyake hutoka kwenye kinyesi, na vinaweza kukaa udongoni mwaka mzima au zaidi. Mvua na sabuni ya kawaida havivimalizi. Sakafuni huuawa kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, baada ya uchafu kuondolewa kwanza, lakini mtaa mzima hauoshwi kwa jiki. Mbwa aliyeambukizwa huonekana mgonjwa baada ya siku chache. Anakataa chakula, anatapika, kisha anahara damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Kwetu dawa ya kuua virusi hivyo tumboni si rahisi kuipata. Kuna dripu, dawa za kuzuia kutapika, uangalizi wa usiku na mchana, na bahati.

Distempa nayo ina historia yake hapa kwetu. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, kama 1,000 hivi. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na miaka iliyofuata mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa kwa wingi. Kirusi kinachoweza kumwangusha simba dume hakishindwi na kitoto cha kilo tatu kinachonusa nyasi kando ya jalala. Na kwenye madimbwi kuna jambo jingine. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospira, vinavyoleta ugonjwa ambao Watanzania waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Mbwa huupata pia, na kuna chanjo yake. Mbwa mdogo akiona dimbwi hulinywa, hana mjadala.

Basi afanyeje mwenye mbwa? Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia za wanyama, AVSAB, kilitoa tamko lililowashtua wafugaji wengi waangalifu: watoto wa mbwa waanze kuonyeshwa dunia kabla chanjo hazijakamilika, mradi wawe wamepata angalau dozi ya kwanza siku saba kabla na wapelekwe mahali penye usalama. Hoja yao ilikuwa ya kuhesabu vifo. Kwa Marekani, walisema, kinachoua mbwa wengi zaidi walio chini ya miaka mitatu ni matatizo ya tabia, kwa maana kwamba mbwa anayeuma au asiyewezekana nyumbani hutelekezwa, hupelekwa kwenye kituo, huchomwa sindano ya mwisho. Magonjwa ya kuambukiza yako nyuma.

Ushauri huo hauhamishiki mzimamzima hadi Tandale au Kayole. Huko Marekani mbwa wengi wamechanjwa, na mbwa wasio na mwenyewe si wengi barabarani. Kwetu mbwa koko hupita alfajiri wakiacha kinyesi kwenye kila kona, na hakuna anayejua kadi zao za chanjo ziko wapi. Kinachohamishika ni wazo lenyewe: matembezi ya kwanza si lazima yawe ya miguu. Mtoto wa mbwa anaweza kutoka akiwa amebebwa.

Abebwe mikononi, kwenye kikapu cha sokoni, kwenye beseni lenye kitambaa kuukuu, hata mgongoni kwa kanga kwa asiyejali kuchekwa na majirani, nao watacheka kweli. Aketi na mwenyewe kwenye benchi la duka kwa robo saa. Kutoka pale mapajani ataona bajaji, mama wa maandazi, mzee mwenye fimbo, mtu aliyevaa helmeti, mwanamke wa baibui, mtoto anayelia, mkokoteni wa maji, mwavuli unaofunguka. Atasikia adhana, kengele, mashine ya kusaga, na yule fundi wa kuchomelea. Miguu haigusi udongo. Kila kitu kipya kinapotokea anapewa kipande kidogo cha kitu anachokipenda, na hapa mfugaji wa Afrika Mashariki ana bahati, maana chakula kizuri cha kumzawadia mbwa mdogo kinauzwa kwa kipimo cha kopo: dagaa wakavu wa ziwani, wasio na chumvi, waliokatwa vipande. Maini yaliyochemshwa nayo yanafaa, ila mfuko wa suruali utanukia.

Dagaa hao wana kazi ya pili, ya kupima. Mbwa aliye sawa hula. Anayeanza kuingiwa na hofu hula huku macho yakiwa kwingine. Aliyetishika kweli humkataa hata dagaa aliyewekwa puani. Pamoja na hilo kuna ishara ndogo ambazo watu huzipita. Anapiga miayo na hana usingizi, analamba midomo na hajala, masikio yamelala nyuma, mkia umefyatwa kati ya miguu. Hapo hakuna haja ya kumsemesha wala kumkaripia. Sogea nyuma hatua 20, mpaka ale tena. Umbali ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo isiyotumika, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba woga huondolewa kwa kusukumwa ndani ya kinachoogopwa. Kwa mbwa wa wiki nane hadi kumi, umri ambao mshtuko mmoja huweza kukaa kichwani kwa muda mrefu, imani hiyo inaharibu sana.

Uwanja wa rafiki nao ni mahali pazuri, kama una ukuta na mbwa wake mkubwa amechanjwa na ni mpole. Nusu saa na mbwa mzima mwenye adabu humfundisha mdogo mambo ambayo binadamu hawezi, kama vile kucheza bila kung'ata kwa nguvu na kuelewa ngurumo ya “sitaki sasa”. Swali la kumuuliza rafiki kabla ya kwenda ni moja: je, mwaka huu au mwaka jana kuna mtoto wa mbwa aliyeumwa na kufa hapo? Kama yupo, msiende. Na asijidanganye anayemfungia mbwa ndani kabisa kwamba amemkinga. Parvo huingia nyumbani kwenye soli za viatu.

Wakati huohuo masomo ya kamba yanaendelea ndani ya uzio. Mkanda wa shingo unavalishwa kwanza wakati wa kula, ili tumbo lishindane na muwasho. Atajikuna, atajiviringisha, atatembea kinyumenyume. Baada ya siku mbili tatu atasahau. Kati ya mkanda na shingo vidole viwili vipite, na vipimo hivyo virudiwe kila wiki, kwa sababu mbwa wa umri huu hukua kama mbaazi za mvua. Kamba nyepesi inafungwa baadaye na kuachwa iburuzike huku mtu akiangalia. Mnyororo mzito ule wa kufungia mbwa wa lindo haufai hata kidogo. Kwa matembezi, mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingo, kwani mbwa akishtuka na kuruka, mvuto unatua kifuani badala ya kwenye koromeo. Madukani mikanda hiyo ipo, bei zake hazichekeshi. Fundi viatu akipewa vipimo na mkanda wa begi kuukuu hushona unaofaa kabisa.

Siku ya kukanyaga chini ikifika, baada ya daktari kuridhika na chanjo, kinachosumbua wengi ni muda. Dakika ngapi? Kuna kanuni inayozunguka miongoni mwa wafugaji, ya dakika tano kwa kila mwezi wa umri, kwa hiyo mbwa wa miezi minne atembee dakika 20. Inakaririwa kana kwamba imetoka maabara, lakini hakuna utafiti unaoithibitisha. Si mbaya kama kikomo cha kumtuliza kijana anayetaka kukimbia na mbwa wake barabara nzima. Jambo lililochunguzwa vizuri zaidi lina sura nyingine. Watafiti wa Norway waliofuatilia mbwa wa jamii nne kubwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waligundua kwamba watoto waliotumia ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya matatizo ya nyonga, na waliopata nafasi ya kukimbia huru kwenye ardhi laini walikuwa na hatari ndogo. Kwa mfugaji wa ghorofa ya tatu somo liko wazi: ngazini abebwe. Kwa mwenye kiwanja cha majani, amwache achague mwendo wake.

Siku ya kwanza, kwa hiyo, huenda ikawa mita 30 tu, kutoka getini hadi mti wa mwarobaini na kurudi, na sehemu kubwa ya muda huo mbwa amesimama. Ananusa. Mwenye kamba anaona uvivu, na mbwa yuko kazini. Vipokezi vya harufu kwenye pua ya binadamu ni kama milioni tano au sita, vya mbwa hufika hadi milioni 300. Shina moja la mwarobaini lililokojolewa na mbwa wa mtaa ni gazeti lenye kurasa nyingi, na huyu ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Kumburuta pale ni kumnyang'anya gazeti mkononi.

Saa ya kutoka ina maana kuliko umbali. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, jasho lake ni kidogo na hutoka nyayoni. Lami ya saa saba mchana Dodoma au Mombasa huunguza nyayo hizo, ambazo kwa mtoto bado ni laini. Weka mgongo wa kiganja barabarani, uhesabu hadi saba. Kama mkono umeshindwa, mbwa arudi ndani. Kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni panafaa, ila jioni ya mwisho wa mwezi karibu na vibanda vya chipsi kuku ina mtego wake: mifupa. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka kwa ncha kali, na kitoto hukiokota kila kilicho chini, ikiwemo chambo cha sumu ya panya. Macho ya mwenye kamba yawe mita mbili mbele ya pua ya mbwa, si kwenye simu.

Kisha kuna watu. Hapa miongozo iliyoandikwa Ulaya inaishiwa maneno, kwa sababu inadhani kila apitaye njiani atataka kumpapasa mbwa. Mtaa wa Kiswahili una watu wa namna tatu. Wapo watoto, ambao humpenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, wakapiga kelele, wakakimbia, wakarudi na jiwe. Wapo watu wazima wanaovuka upande wa pili. Na wapo, hasa Pwani na visiwani, Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi nzito. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waswahili, mahali palipoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu hakuna kilichoharibika, na mbwa wa ulinzi au wa kuwindia wameruhusiwa tangu zamani, lakini mzee anayekwenda msikitini na udhu wake hana sababu ya kusimama kusoma fiqhi na mbwa wa jirani. Kamba ifupishwe, mbwa apitishwe upande wa ukuta, mwenyewe akae katikati, na salamu itangulie. “Shikamoo mzee, nimemshika” ni maneno matatu yanayozuia ugomvi wa miezi mitano.

Adabu hiyo, bahati nzuri, inamfaa mbwa vilevile. Hahitaji kuguswa na kila mtu. Anahitaji kuona watu mia wakipita bila jambo lolote kutokea. Mtoto anayetaka kumgusa aambiwe achuchumae pembeni, anyooshe mkono chini ya kidevu, asimkumbatie. Mbwa akisogea mwenyewe, sawa. Akirudi nyuma, mchezo umeisha, na mtoto aambiwe hivyo kwa upole kama anavyoambiwa mgeni aliyekosea nyumba.

Kuna watakaosema hayo yote yanamharibu mbwa wa lindo. Nchi zetu zina mtindo wa muda mrefu: mbwa anafungiwa kwenye banda mchana kutwa, anafunguliwa usiku, hajui mtu isipokuwa anayemletea ugali, na ukali wake unahesabiwa kuwa mafanikio. Mbwa wa namna hiyo humbwekea muuza mboga, mwenye nyumba mpya, kivuli na mwizi kwa sauti ileile moja, mpaka wenye nyumba wanaacha kuamka. Asiyejua mtu wa kawaida anafananaje atamtambuaje asiye wa kawaida? Bandari za Mombasa na Dar es Salaam zimetumia mbwa wanaonusa pembe za ndovu, waliofunzwa pamoja na waongozaji wao huko Usa River, Arusha. Hakuna awezaye kufanya kazi hiyo kati ya kreni na malori kama anashtuka kila boriti inapoanguka.

Na ukali usio na mpaka una gharama ya kupimwa hospitalini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wahanga wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto wa mbwa anayetoka nje lazima awe na chanjo hiyo, ambayo kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu. Kwenye kampeni za halaiki huchanjwa hata walio wadogo zaidi, kwa hiyo asiachwe nyumbani siku ya kampeni kwa kudhani umri haujafika. Chanjo ikifika kwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia. Pemba imeonyesha hivyo: kuchanja mbwa wa kisiwa kizima kulikata maambukizi, virusi vikaletwa tena kutoka nje ya kisiwa mwaka 2016, na kufikia mwisho wa 2018 vikawa vimekatwa tena. Hata mbwa mdogo akimkwaruza mtu kwa meno kwa mchezo na kadi yake haina chanjo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo.

Kukutana na mbwa koko kutatokea, mara nyingi siku mtu hana dagaa mfukoni. Kumnyanyua mdogo juu kwa pupa humfanya koko aruke kumfuata, ingawa kwa kitoto cha wiki 12 wakati mwingine hakuna njia nyingine. Kinachosaidia zaidi ni kumwona mapema, kugeuza njia bila kukimbia, na kujiweka katikati. Kuinama kana kwamba unaokota jiwe kunatosha kwa mbwa wengi wa Afrika Mashariki, ambao somo hilo wamelipata utotoni. Jiwe lenyewe halihitajiki.

Haja nayo ina vituko vyake. Mtoto wa mbwa aliyezunguka nje nusu saa bila kukojoa atakojoa sebuleni sekunde kumi baada ya kuingia, kwa sababu nje palikuwa na mambo mengi na ndani ndipo alipotulia. Arudishwe nje bila kelele. Kinyesi chake kikitoka mtaani kiokotwe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania 2019, kwa hiyo wengi hutoka na gazeti la jana au bahasha ya khaki. Kuna sababu inayozidi aibu. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama, na mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto anayecheza hapo. Kinyesi kilichookotwa leo hakina muda huo. Dawa ya minyoo, ambayo huanza mbwa akiwa na wiki mbili tu na kurudiwa kila wiki mbili, ndiyo nusu ya pili ya kazi.

Wakirudi, mbwa hunywa maji, huzunguka mara mbili tatu na kuanguka usingizini kama gunia. Huo ndio wakati wa kumkagua, maana hatapinga. Kupe hujificha ndani ya sikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, na zaidi ya kote katikati ya vidole, ambako nywele ni fupi na ngozi ni laini. Kupe wa kahawia wa mbwa hana haja ya kurudi porini: huishi kwenye nyufa za banda na za ukuta wa nyumba, na jike mmoja aliyeshiba huweza kutaga mayai elfu kadhaa humo. Anabanwa kwa koleo dogo karibu kabisa na ngozi, anavutwa moja kwa moja bila kupindwa, anatumbukizwa kwenye kichupa chenye spiriti. Bila mafuta ya taa, bila njiti ya kiberiti. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne mbwa hukoroma kidogo na kukanyaga hewa, labda bado yuko kwenye kokoto.